Uteuzi wa majaji ni amana, si zawadi

Katika dola yoyote wapo watu wachache ambao neno lao halina rufaa hapa duniani. Rais huweza kupingwa Bungeni. Sheria iliyotungwa na Bunge huweza kubatilishwa mahakamani. Hakimu akikosea, yupo jaji juu yake, na juu ya jaji huyo wapo majaji wengine. Lakini majaji saba wa Mahakama ya Juu ya Kenya wakishatamka, mlango umefungwa. Hakuna tena wa kumkimbilia ila Mola. Kwa sababu hiyo, swali la nani aketi katika viti vile saba, na nani mwenye haki ya kumketisha, haliwezi kuachwa kuwa la mawakili peke yao. Linamhusu mkulima wa Kwale na mfugaji wa Garissa sawasawa na linavyomhusu wakili wa Nairobi.

Wengi wetu huikumbuka mahakama hiyo mara moja kila baada ya miaka mitano, pale kesi ya uchaguzi wa rais inapofikishwa mbele yake. Hapo ndipo majina ya majaji yanapotajwa vibarazani, kila mmoja akikisia yupi ataamua vipi. Twasema kwamba wakati huo tumekwisha kuchelewa. Hukumu huanza kuandikwa siku ile jaji anapochaguliwa. Tukitaka kuipima mahakama, tuanze kwa kuutazama mlango wake wa kuingilia.

Zama za uteuzi wa faraghani

Chini ya katiba ya zamani, Jaji Mkuu wa Kenya aliteuliwa na Rais peke yake. Majaji wengine waliteuliwa na Rais kwa ushauri wa Tume ya Huduma za Mahakama, lakini tume yenyewe ilikuwa na watu watano tu: Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, majaji wawili na mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Umma. Wote hao walikuwa wameshika nyadhifa zao kwa kalamu ya Rais. Hivyo Rais alipopokea ushauri wa tume, alikuwa kama mtu anayesikiliza mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Hakukuwa na tangazo gazetini wala mahojiano ya hadharani. Mwananchi alilisikia jina redioni wakati jambo limekwisha.

Mwaka 1988 hali ilizidi kuwa mbaya pale Katiba ilipobadilishwa ili kuwaondolea majaji kinga ya kudumu kazini. Kinga hiyo ilirejeshwa mwaka 1990, lakini somo lilikuwa limewaingia wahusika: aliyekuteua bila kumuuliza mtu aweza pia kukuondoa bila kumuuliza mtu. Mwaka 2003, serikali mpya ya marehemu Mwai Kibaki ilipoamua kuisafisha idara ya mahakama, kamati iliyoongozwa na Jaji Aaron Ringera iliwataja majaji 23 na mahakimu 82 kuwa wanashukiwa kwa ufisadi na utovu wa maadili. Wengi waliondoka. Hata hivyo, nafasi zilizoachwa wazi zilijazwa kwa njia ile ile ya faraghani. Maji yalibadilishwa, mtungi ukabaki na uchafu wake.

Bei ya mahakama isiyoaminika

Bei ya uteuzi wa namna hiyo ililipwa na nchi nzima. Jioni ya Desemba 30, 2007, mara tu baada ya matokeo ya uchaguzi wa rais kutangazwa, Jaji Mkuu wa wakati huo, Evan Gicheru, alimwapisha Rais Kibaki katika Ikulu. Upande wa marehemu Raila Odinga uliambiwa uende mahakamani kama una malalamiko. Ulikataa, ukisema kwamba mahakama hizo haziwezi kumtendea haki mtu anayeshindana na aliyewateua majaji wake.

Mtu aweza kubishana iwapo kauli hiyo ilikuwa ya haki kwa kila jaji aliyekuwapo. Lisilobishaniwa ni kwamba mamilioni ya watu waliiamini. Na watu wasipoamini kwamba ugomvi wao waweza kukatwa na jaji, hutafuta njia nyingine ya kuukata. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika majuma yaliyofuata, na mamia ya maelfu wakayakimbia makazi yao, hadi mkataba wa maridhiano ulipotiwa saini Februari 28, 2008 chini ya usuluhishi wa Kofi Annan.

Waislamu wa nchi hii walikuwa wameionja bei hiyo hata kabla ya uchaguzi. Mapema mwaka 2007 makumi ya watu waliokamatwa karibu na mpaka wa Somalia, wakiwamo raia wa Kenya, walipakiwa ndani ya ndege na kupelekwa Somalia, na baadhi yao wakafikishwa Ethiopia, ilhali maombi ya kutaka waletwe mbele ya jaji yalikuwa yamekwisha kuwasilishwa mahakamani Nairobi. Familia zilibaki na karatasi zenye muhuri wa mahakama mikononi, na watu wao hawapo. Mnyonge hana silaha nyingine mbele ya dola ila jaji asiyemwogopa mtu. Akimkosa huyo, amekosa kila kitu.

Siku 25 za mwaka 2011

Katiba mpya iliyopitishwa kwa kura ya maoni Agosti 4, 2010 na kutangazwa rasmi Agosti 27 ilikuja na mambo mawili makubwa kuhusu jambo hili. Kwanza, iliunda Mahakama ya Juu yenye majaji saba, na kuikabidhi peke yake mamlaka ya kusikiliza kesi za kupinga uchaguzi wa rais na kuziamua ndani ya siku 14. Pili, iliivunja ile tume ya watu watano na kuunda nyingine ya watu 11. Ndani yake wamo majaji na mahakimu waliochaguliwa na wenzao, mawakili wawili waliochaguliwa na mawakili wenzao, na wananchi wawili wasio wanasheria. Tume hiyo ndiyo yenye kupendekeza jina, na jina la Jaji Mkuu au Naibu wake lazima liidhinishwe na Bunge la Kitaifa kabla ya Rais kumteua.

Mazoea ni sheria ngumu kuliko sheria yenyewe. Januari 28, 2011, Rais Kibaki alitangaza jina la Jaji Alnashir Visram wa Mahakama ya Rufaa kuwa Jaji Mkuu mpya, pamoja na majina ya watakaoshika vyeo vya Mwanasheria Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Mdhibiti wa Bajeti. Waziri Mkuu Odinga alisema hakushauriwa kama mkataba wa maridhiano na Katiba vilivyotaka. Mahakama Kuu, kupitia Jaji Daniel Musinga, ikatamka kwamba uteuzi huo ulikiuka Katiba. Wote wanne, pamoja na dosari nyinginezo, walikuwa wanaume. Spika Kenneth Marende naye akatoa uamuzi wa namna hiyo Bungeni. Februari 22, siku 25 baada ya kuyatangaza, Rais aliyaondoa majina yote.

Twapenda kusisitiza jambo moja katika kisa hicho. Hakuna aliyethibitisha kwamba Jaji Visram hakufaa. Alikuwa mtu wa elimu na tajriba, tena atokaye katika jamii ndogo isiyo na kura za kumtisha mtu. Wako waliosikitika wakisema kwamba mtu mwema amepotezwa kwa ajili ya utaratibu. Huruma yao twaielewa, lakini hatukubaliani nao. Mtu mwema aliyeingia kwa mlango wa nyuma huwaachia wabaya mlango huo wazi. Na yeye mwenyewe angehukumu vipi kesi ya uchaguzi, iwapo nusu ya nchi ingesema kila mara kwamba yule ni wa fulani?

Historia ya Kiislamu inalo funzo juu ya hili. Inasimuliwa kwamba Imamu Abu Hanifa aliitwa na Khalifa al-Mansur ili awe kadhi, naye akakataa, hata akatiwa gerezani kwa kukataa kwake. Si kwamba alidharau kazi ya hukumu, kwani alikuwa mwanafiqhi mkubwa wa zama zake. Alitambua kwamba mtawala anayekushurutisha kupokea cheo hatashindwa kesho kukushurutisha namna ya kukitumia. Wanazuoni wametuhesabia ukadhi kuwa amana, na amana hudaiwa na wenyewe, ambao ni watu watakaohukumiwa. Zawadi hudaiwa na aliyeitoa.

Mahojiano mbele ya umma

Baada ya majina yale kuondolewa, Tume ya Huduma za Mahakama ilitangaza nafasi hizo wazi, ikapokea maombi na kuwahoji waombaji mbele ya kamera mnamo Mei 2011. Kwa mara ya kwanza mwananchi aliyeketi nyumbani kwake alimwona mtu anayetaka kuwa Jaji Mkuu akiulizwa juu ya hukumu alizoandika, mali aliyochuma na malalamiko yaliyoletwa dhidi yake. Majaji waliozoea kuuliza maswali waligeuka kuwa wenye kujibu.

Aliyependekezwa hakuwa jaji. Alikuwa Dkt. Willy Mutunga, mwalimu wa zamani wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi aliyewekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani mwaka 1982, kisha akawa mtetezi wa haki za binadamu. Naibu wake alikuwa Nancy Baraza. Upinzani ulikuwa mkali, hasa kutoka kwa baadhi ya viongozi wa makanisa. Waliohoji walihoji hereni aliyoivaa sikioni, ndoa yake iliyovunjika na imani yake ya dini. Hapa mchujo ulikaribia kupotea njia. Mtu wa umma hana budi kuulizwa juu ya tabia yake, hilo ni haki. Lakini sikio la jaji ni la kusikilizia kesi, na kilichovaliwa juu yake hakimpunguzii wala kumzidishia mdai haki. Bunge lilimwidhinisha, naye akaapishwa Juni 2011.

Palibaki kasoro. Majaji saba walipokamilika, wanawake walikuwa wawili tu, ilhali Katiba yasema jinsia moja isizidi theluthi mbili. Wawili kati ya saba hawafikii theluthi. Mashirika ya kutetea wanawake yalikwenda Mahakama Kuu kulalamika, yakashindwa. Ni dhahiri kwamba hata tume iliyoundwa kwa ajili ya kulinda Katiba yaweza kujikwaa kwenye kizingiti chake.

Mwenye cheo na mlinzi wa mlangoni

Watu waliodhani kwamba mahojiano ya hadharani huleta malaika walizinduliwa mapema. Mkesha wa mwaka mpya wa 2012, katika jengo moja la maduka jijini Nairobi, Naibu Jaji Mkuu Baraza alikataa kupekuliwa na mlinzi wa kike mlangoni, na ugomvi ukazuka kati yao. Mlinzi akalalamika kwamba alishikwa pua na kutishwa kwa bastola. Jopo maalumu likaundwa kumchunguza Naibu Jaji Mkuu, likiongozwa na Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Agosti 2012 jopo lilipendekeza aondolewe, na Oktoba mwaka huo akajiuzulu.

Wapo waliokitumia kisa hicho kuukejeli utaratibu mpya: huyu ndiye mliyemchuja? Sisi twakisoma kinyume. Ni lini, katika zama za uteuzi wa faraghani, mlinzi anayelipwa mshahara mdogo aliweza kumshitaki mtu wa pili kwa ukubwa katika idara ya mahakama, akasikilizwa na kuaminiwa? Utaratibu ulio mwema haudai kwamba haukosei. Huweka njia ya kuingilia na njia ya kutokea, zote mbili mbele ya macho ya watu.

Alama ya mwaka 2017

Mtihani halisi ulikuja baadaye. Machi 30, 2013, Mahakama ya Juu ilikubali ushindi wa Uhuru Kenyatta. Odinga, ambaye mwaka 2007 hakutaka kuukaribia mlango wa mahakama, safari hii aliuendea, akashindwa, na akatangaza kwamba hakubaliani na uamuzi ila anauheshimu. Ulikosolewa sana na wanasheria, lakini vijiji havikuteketea.

Mutunga alipostaafu mwaka 2016, tume ilimhoji Jaji David Maraga, Muadventista mshika Sabato. Aliulizwa ingekuwaje kama kesi ya uchaguzi ingeangukia siku ya Jumamosi, ikizingatiwa kwamba siku 14 hazina nyongeza. Hakulikwepa swali wala hakuificha imani yake ili apate kazi. Alisema ingemwia vigumu kuketi siku hiyo na kwamba angezungumza na wenzake wampangie. Mwaka uliofuata swali hilo likawa kweli, na kikao kilichoangukia Jumamosi ya Agosti 26, 2017 kikaanza jioni, Sabato ilipokwisha. Sisi tunaofahamu maana ya kuiacha shughuli adhana ya Ijumaa inapolia twaweza kuipima thamani ya jibu lile. Mtu aliyesema kweli juu ya nafsi yake mbele ya waliokuwa na uwezo wa kumnyima cheo alikuwa ametuonyesha mapema atakavyokuwa mbele ya wenye nguvu zaidi.

Septemba 1, 2017, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, mahakama hiyo iliufuta uchaguzi wa Agosti 8. Halikuwa limepata kutokea barani Afrika kwamba mahakama imbatilishie ushindi rais aliyeko madarakani. Rais Kenyatta alisema ataheshimu uamuzi, kisha akawaita majaji wakora mbele ya wafuasi wake. Oktoba 25, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, mahakama ilipotakiwa kusikiliza ombi la kuuahirisha, walifika majaji wawili tu na kikao hakikuweza kufanyika, kwani idadi ya chini ni watano. Usiku wa kuamkia siku hiyo dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi. Kumchagua jaji jasiri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumlinda baada ya kumchagua.

Mianya iliyobaki

Mwaka 2021 Jaji Martha Koome alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu, baada ya mahojiano yaliyotazamwa na nchi nzima. Mwaka uliofuata, Septemba 5, 2022, mahakama aliyoiongoza iliukubali kwa kauli moja ushindi wa William Ruto. Kwa nje, basi, mlango waonekana umenyooka. Lakini haifai tulale, kwani mianya ingaliko.

Mwanya wa kwanza umo Ikulu. Mwaka 2019 tume ilipendekeza majina 41 ya majaji wa Mahakama ya Rufaa na mahakama nyinginezo. Rais alikaa nayo takriban miaka miwili, kisha Juni 2021 akawateua 34 na kuwaacha sita, licha ya Mahakama Kuu kutamka kwamba hana hiari ya kuchagua ampendaye katika orodha. Sita hao waliapishwa Septemba 2022, rais mwingine alipoingia. Ikiwa Rais aweza kuliketia jina mpaka mwenye jina achoke, basi ile kalamu ya zamani imerudi kwa umbo jingine.

Mwanya wa pili umo ndani ya tume yenyewe. Wajumbe wake wengi huchaguliwa, na palipo na uchaguzi pana kampeni na fadhila. Maswali huulizwa mbele ya kamera, lakini uamuzi hufanywa mlango ukiwa umefungwa, na sababu za kumchukua huyu na kumwacha yule hazielezwi kwa ukamilifu. Huko ndiko minong'ono ya kugawana vyeo kwa makabila inakozaliwa. Mwaka 2025 yalipowasilishwa maombi ya kuwaondoa majaji wote saba wa Mahakama ya Juu, kisha Mahakama Kuu ikayasimamisha, wananchi wengi hawakujua wamwamini nani. Imani hiyo ikipungua leo, gharama yake twaijua tangu 2007.

Wanaodhani kwamba nchi kubwa zimelimaliza tatizo hili na watazame Marekani. Huko jaji wa mahakama ya juu hukaa maisha yake yote. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alimpendekeza Merrick Garland, na Seneti ikakataa hata kumhoji kwa siku 293, ikidai kwamba mwaka wa uchaguzi si wakati wa kuteua. Mwaka 2020 Seneti hiyo, ikiwa bado chini ya chama kile kile, ilimwidhinisha Amy Coney Barrett siku nane tu kabla ya siku ya uchaguzi. Katiba ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maslahi ya chama. Hivyo mahojiano ya hadharani hayatoshi pale wenye kupiga kura wamekwisha kuamua kabla ya swali la kwanza.

Wajibu wetu

Tufanye nini, basi? Tume inapotangaza majina ya waombaji, Katiba na sheria humpa mwananchi yeyote nafasi ya kupeleka maoni au malalamiko kwa maandishi. Ni wangapi miongoni mwetu, misikitini na katika jumuiya zetu, waliowahi kuandika hata barua moja? Twajitokeza kwa wingi jina la Kadhi Mkuu linapojadiliwa, na twafanya vyema, kwa kuwa naye huajiriwa na tume hiyo hiyo. Lakini hukumu za makadhi huweza kukatiwa rufaa, nazo rufaa hupanda juu mpaka kwa majaji ambao hatukuuliza neno walipokuwa wakichaguliwa.

Aidha, tujihadhari na maradhi ya kuuliza kwanza jaji ni wa nani. Muislamu akiteuliwa tufurahi, kwani nchi ni ya wote na benchi lake lifanane nayo. Lakini kumtaka jaji kwa sababu ni wetu, tukitaraji atupendelee, ni kuomba dhuluma kwa jina la dini. Tumeamrishwa kuisimamia haki hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Jaji wa kumtamani ni yule ambaye adui yetu pia aweza kwenda mbele yake bila hofu.

Kiti cha mahakama ya mwisho kitakuwa wazi tena, kwani majaji hustaafu wakitimiza miaka 70, na Jaji Mkuu hapiti miaka kumi katika cheo hicho. Siku hiyo matangazo yatatoka magazetini, majina yatasomwa, na kwa majuma machache mlango utakuwa wazi kwa kila mwenye la kusema. Atakayenyamaza wakati huo asije akalalamika vibarazani hukumu itakaposomwa.